Pointi Hazisubiri Matanga

Engutoto, Jumapili mchana

Mama,

Umekufa wiki mbaya. Nasema hivyo kwa heshima zote, na najua ungenifinya. Lakini ratiba yangu ilikuwa ukutani kwako, juu ya meza ya chakula, na mashindano ya Nairobi nilikuwa nimeyazungushia wino mwekundu. Nilikueleza mara ngapi? Pointi za tenisi hudumu mwaka mmoja tu. Zile nilizopata Nairobi mwaka jana ndizo zilizobeba jina langu kwenye orodha ya dunia, na ilibidi nizitetee Nairobi hiyohiyo. Wewe ukaondoka Ijumaa. Tukakuzika Moshono Jumatano. Mchujo wa Nairobi ulikuwa Jumamosi.

Nimefungua shajara kuhakikisha siku, maana kichwa changu cha wiki ile si cha kuaminika. Jumatano jioni nimeandika mstari mmoja: nimemwambia baba mdogo kuhusu Nairobi. Alichojibu sikukiandika. Alimaliza chai yake kwanza, kisha akasema, "Matanga hayajaanuliwa, Anaeli, wewe unakwenda kucheza?"

Hilo neno, Mama. Miaka tisa natafuta neno jingine la kazi yangu, sipati. Mwalimu anafundisha, fundi anafunga injini, mimi nacheza. Ningekuwa nauza mitumba kama wewe pale Sakina, nani angeshangaa nikifungua kibanda siku ya tatu? Nikamweleza habari za pointi. Akauliza kwa nini wasiziweke kando zinisubiri, kwani hao watu hawafiwi? Shangazi akashauri tuwapelekee faksi pamoja na barua ya mchungaji. Tukapeleka, kweli, Alhamisi asubuhi. Jibu likaja Ijumaa. Walinipa pole kwa adabu sana. Pointi zingefutwa vilevile.

Na wewe ulikuwa umeshaniharibia. Uliwatangazia watu wa usharika kwamba mwanao ni wa mia saba na arobaini. Walipouliza kati ya wangapi, kama tunavyouliza ripoti ya shule, ukawajibu kati ya dunia nzima. Basi kila aliyeleta pole alileta na hongera. Mama Eliya, jirani yako wa kibanda, alinishika mikono yote miwili: "Watu walivyo wengi duniani, mwanangu, wewe umezidiwa na mia saba tu." Ningemwelezaje kwamba hao wengine hawajawahi kushika raketi? Hata televisheni ulinunua, stesheni za binafsi zilipoanza, ili unione. Ukakaa mbele yake miaka miwili. Mtu wa mia saba haonyeshwi, Mama. Anacheza uwanja wa nyuma, karibu na jiko la klabu, anaokota mipira yake mwenyewe.

Orodha mpya imetoka. Nimeisoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Simo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata shajara haina. Baba mdogo hakunizuia. Ile faksi ya majibu ilipomfikia mkononi aliisoma mara mbili, akasema, "Nenda. Hapa tutalia na kwa niaba yako." Begi lilikuwa mlangoni. Nikaingia jikoni kuaga wanawake waliokuwa wanachambua mchele, na Mama Eliya alikuwa anasimulia habari za mteja aliyekataa koti lako kwa kuwa ni kafa ulaya, yaani mwenyewe alishafariki, nawe ukamjibu, "Vizuri, basi hatakuja kulidai." Wakacheka mpaka ungo ukamwagika. Nikainama kuokota mchele. Mwingine akaanza kisa chake, nikataka kusikia mwisho wake. Basi la mwisho la Nairobi liliondoka nikiwa nimekaa palepale. Hakuna aliyenishika. Nilikaa mwenyewe, kwa sababu pale ndipo ulipokuwa unatajwa. Na bado nimekukasirikia.

Wiki ijayo naanza upya, pamoja na wasichana ambao bado wako sekondari. Kwenye fomu ya mashindano kuna nafasi ya kujaza namba yako ya dunia. Nimepiga mstari. Nina miaka ishirini na saba na goti moja zima. Nakuahidi miaka miwili, si zaidi: jina letu litarudi kwenye ile orodha, hata likiwa la mwisho kabisa, hata wakilikosea herufi. Likikataa kurudi, nitakuja Moshono nikwambie kwa mdomo wangu, na tafadhali siku hiyo usinisifie kwa wenzako.

Pumzika, Mama. Kuhangaika niachie mimi.

Mwanao,
Anaeli