Saini Iliyosinyaa

Glasgow,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpenzi Peigi,

Naomba barua hii ikukute umeketi karibu na jiko, miguu umeinyoosha, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua tangu upepo wa kaskazini uanze. Kondoo hawajambo? Na Mchungaji MacInnes, bado anahubiri mpaka chakula cha watu kinapoa? Nisalimie wote. Nami huku nakula, nalala kidogo, na jirani yangu Bi Docherty hunichungulia kila asubuhi kuhakikisha kwamba bado nipo duniani.

Najua unangoja nikuambie nakuja kwa meli ya lini. Ewan wa posta alininong'oneza kwenye simu kwamba umeshapaka rangi chumba cha mbele, na kwamba kisiwa kizima kimesikia ndugu yako anakuja kuwa daktari wao majira yote ya baridi. Tafadhali, dada, usiniwekee jibu mdomoni. Nisome mpaka mwisho.

Unakumbuka siku ile uliponipigia, mke wa jirani yenu Ruaridh alipokaa kutwa nzima kifua kimembana, kliniki imefungwa kwa kukosa daktari, mpaka helikopta ikaja kumchukua. Uliniambia, "Lachie, umewatibu watu wa Glasgow maisha yako yote. Sisi tumekukosea nini?" Neno hilo lilinichoma. Kesho yake niliwapigia simu mawakala wanaotafutia kliniki madaktari wa muda. Nilidhani mambo ni kama zamani, mtu anapeana mkono na watu kisha anavaa koti lake na kuanza kazi. Kumbe!

Faili langu alipewa msichana mmoja anayeitwa Leanne, mcheshi, anaongea haraka kama aliyeacha maziwa motoni. Alitaka cheti cha usajili, hati ya polisi, bima, barua za madaktari wawili walionijua kazini, vyeti vya mafunzo, na uthibitisho wa chanjo zangu. Hapo kwenye chanjo nilipandisha. Nilimwambia nilichanjwa kabla mama yake hajazaliwa.

"Nakuamini, daktari wangu," akasema, "lakini kompyuta haimjui mama yangu. Nenda katolewe damu, waone kama kinga bado ipo."

Nikaenda nikatolewa damu. Nikaenda kwenye mafunzo ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, nikapiga magoti katikati ya vijana tukikandamiza kifua cha sanamu la plastiki mpaka shati likanilowa. Mmoja wa wale madaktari wa kuniandikia barua, Dkt. Balfour, amehamia Ureno, na kila nikiamka jambo la kwanza lilikuwa kutazama kama amejibu. Nikawa naota makaratasi. Naota nimefika gatini kwenu, mabaharia wananikatalia kushuka kwa sababu cheti kimoja kimepitwa na wakati. Wewe ungecheka. Mimi nilikuwa nikiamka kinywa kimekauka.

Halafu Leanne akapiga simu, safari hii sauti imepoa. Saini niliyotia kwenye fomu haikufanana na ya pasipoti. "Samahani sana, daktari. Ni wewe uliyesaini, au ni sisimizi aliyekanyaga wino akapita?"

Nilicheka naye. Nilipokata simu niliziweka karatasi hizo mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Saini ya pasipoti imejitandaza kama mwenye nyumba; marehemu Ishbel wangu alizoea kusema saini hiyo inahitaji ukurasa wake peke yake. Ile mpya ilianza vizuri tu, kisha herufi zikaanza kupungua, zikapungua, na kufika mwisho wa jina letu zilikuwa kama mayai ya chawa.

Peigi, nikazitazama tena. Mgonjwa angeniletea karatasi hizo mbili, nisingehitaji hata kumgusa ili kujua anaumwa nini.

Maana hayakuwa hayo tu. Mkono wa kulia umekuwa mzito tangu mwanzo wa mwaka. Vifungo vya shati vinanishinda. Na majuzi Bi Docherty aliugonga mlango kama polisi, akipaza sauti, "Wee Lachlan, umefia humo? Ngazi nzima inanuka supu iliyoungua!" Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo jikoni, sufuria inafuka moshi nyuma yangu, pua haina habari. Kila jambo nililitafutia kisingizio. Huu uzee. Haya mafua. Hii baridi.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ninapoona aibu. Nilichukua kalamu nikajifunza saini yangu upya, kama mtoto wa darasa la kwanza, polepole, kila herufi nikiilazimisha ifanane na ile ya pasipoti. Ilipokubali, nikairudisha fomu. Kulikuwa na fomu nyingine ya afya, inayouliza kama ninao ugonjwa wowote unaoweza kuathiri kazi. Nikaandika hapana. Nilikuwa najua, Peigi, nikaandika hapana. Nilijiambia bora daktari mwenye mkono mzito kuliko kutokuwa na daktari. Ukweli ni kwamba sikutaka kukuvunja moyo, na sikutaka kuwa mtu asiyehitajika popote.

Kila kitu kikapita. Leanne alinipigia akishangilia: "Funga mizigo, daktari!" Badala ya kufunga mizigo nilizunguka chumbani. Nilikuwa namwona mtoto wa mtu amepasuka juu ya jicho, mama yake amemshika kichwa, na huu mkono wangu unaisogeza sindano pale. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi kifo kingemuumbua mtoto wa watu.

Nikaenda kwa Dkt. Sunita Bhogal. Alianza kazi chini yangu, sasa ni bingwa wa mishipa ya fahamu. Alinitazama nikitembea kutoka mlangoni hadi kitini, na kabla sijasema neno uso wake ulikuwa umeshabadilika. Ni Parkinson, dada, ule ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili uwe mzito, mwandiko usinyae, na hata pua isahau harufu. Umeanza tu. Kwa dawa, alisema, nina miaka mingi ya kuishi vizuri, na huenda hata kazi nikairudia, ila lazima nipimwe na wahusika kwanza, na hayo hayatakwisha kabla ya baridi kuisha. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia hakuna. Akanijibu, "Basi anza na wale uliowaambia uongo."

Nikampigia Leanne. Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Daktari, wale watu wangekuwa mikononi mwako." Hakunitukana, afadhali angenitukana. Fomu ameifuta, na taarifa yangu imepelekwa kwa wasimamizi wa madaktari. Nitajibu nitakachoulizwa.

Lakini msichana yule hakulala. Amempata Dkt. Catrin Probert, kijana kutoka Wales, makaratasi yake yote safi. Anafika kwenu kwa meli ya Jumatatu, si ya kesho bali ile inayofuata. Mpe yeye chumba cha mbele. Mpikie vizuri, na nakuomba, usimwulize siku ya kwanza kwa nini hajaolewa.

Nawe nakuuliza jambo ambalo nimelizungukia kurasa zote hizi. Nilitaka kuja kwenu nikiwa na faida. Sasa sina mkoba wa dawa, nina mkono mmoja mzima na mwingine unaojiamulia mambo yake. Bi Docherty ni mwema, lakini si wa damu yangu, na usiku nyumba hii ni kubwa. Naogopa, Peigi. Kama utanipokea hivi nilivyo, nitakuja, na nitalala hata kwenye kile kitanda cha jikoni. Kama ni mzigo, niambie bila kunizungusha, nami sitakuwa na kinyongo.

Wape pole jamaa wote walionitarajia. Mbusu Ruaridh na mkewe kwa niaba yangu, na uliangalie goti lako, usipande ngazi na ndoo. Nijibu upesi, hata kama ni kwa neno moja.

Mdogo wako akupendaye,
Lachlan