Muchi Wako Ndani ya Wimbo

Mama Zaina, jirani yangu,

Mi masomo sikusoma, unajua. Mujukuu wangu Riziki njo anaandika, nimemukataza kunitengenezea maneno.

Ule wimbo wa Trésor, kaka ya Riziki, na bendi yake ya roki, wenye ulisema batoto banalia kama banang'olewa meno, ulitoka nyuma ya kifo chako. Unapigwa kila pahali. Benye taxi-moto banapita nao, soko ya Manika yote inauimba, hata bamama ya kanisa.

Ile siku batoto balikuwa banarekodi mu chumba, sie inje kwenye kinu, tunatwanga majani ya sombe ya chakula ya mangaribi. Trésor akatoa kichwa dirishani: "Bakambo, bamama bazee, mupumuzike kidogo, tafadhali." Ukamujibu: "Mangaribi utakula gitaa?" Tukaendelea. Kusikiliza kisha, akaona sauti ya kinu imeingia, akaiacha vile.

Sasa Kolwezi muzima inacheza na michi yetu. Wangu unatangulia, wako unafuata, umechelewa kidogo. Miaka yote nilikugombeza: "Zaina, piga kwa saa yake, mukono wako umelala?" Kumbe kule kuchelewa njo kunatingisha batu kiuno. Trésor mwenyewe anasema.

Ugonjwa ulikukamata mi niko kwa dada yangu, kule Mutshatsha. Kurudi na treni, bandugu zako bamekwisha kukuzika, ile ile siku, ginsi dini yenu inaomba. Sikulaumu mutu. Lakini sikukuona, Zaina. Uso wako sikuuona. Nikaenda kukaa kwenye kiti yako ya plastiki, pale kwa mulango, nikangojea utoke jikoni unifukuze. Hukutoka.

Kwa hiyo wimbo ukipita barabarani, mi naacha kazi. Gitaa sisikii. Nasikia wewe, muzima, umekunja kitenge, unapumua kwa nguvu. Kisha ile taxi-moto inafika mbali, na wewe unaenda nayo.

Jumamosi Trésor na benzake batapiga mbele ya batu bengi. Anataka kinu juu ya jukwaa, mi na mama mungine. Tulijaribu na Mama Agnès wa kwaya. Anapiga sawasawa, kama mutu wa kugonga misumari. Nikamwambia: "Aksanti mama, rudi kwako." Amenuna mpaka leo. Trésor akasema basi mashine itapiga pa nafasi yako. Nilimutazama tu. Akabeba gitaa yake, akatoka.

Usiku nikigeuka kitandani bado nasema, kesho nitamuuliza Zaina. Kisha nakumbuka.

Lala muzuri, ndugu yangu. Mungu wenu na Mungu wetu bakuangalie. Mi nakuahidi hii moja: jumamosi nitapanda peke yangu. Nitapiga yangu, nafasi ya kwako nitaiacha wazi, nitapiga yangu tena, ya kwako wazi, mpaka wimbo uishe. Batu batasema mama muzee ameishiwa nguvu.

Baseme.

Mama Ngalula