Mita Moja Iliyobaki Kwangu Peke Yangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ingawa kwa uaminifu nikiri mapema kwamba ninachohitaji zaidi ni mtu aliyeelimika wa kuthibitisha kuwa sikukosea.

Mimi ni mkazi wa Nkololo, mhitimu wa shahada ya sosholojia, na utafiti wangu wa mwisho chuoni ulihusu mshikamano wa jamii za vijijini. Mwezi Machi ugonjwa ulipoingia nchini na shule zikafungwa, niliona ni wajibu wangu, nikiwa msomi pekee wa kitongoji, kuwaelimisha wananchi, hivyo nikanunua ndoo ya bomba, nikaiweka langoni kwetu, nikabandika tangazo lenye kanuni tisa, na kila aliyekuja kumsalimia mama nilimsimamisha hatua mbili nyuma, akiwamo jirani yetu Mzee Limbu, ambaye alicheka akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, msomi, basi leo tusalimiane kwa fimbo," akaninyooshea ncha ya fimbo yake ya kuchungia, nami, kwa kuzingatia kanuni ya nne, sikuigusa.

Mwezi Mei mzee huyo alifariki kwa kiharusi. Hapa kwetu msiba hauna mwaliko: kila kaya hutoa mtu wa kuchimba kaburi, kuchota maji na kupasua kuni, na asiyefika hukumbukwa kuliko waliofika. Mimi, baada ya kuupima mkusanyiko ule kwa vigezo vya afya ya jamii, niliandika rambirambi ya kurasa mbili, pamoja na maelezo mafupi kuhusu namna virusi vinavyoenea, nikaipeleka kwa mkono wa mama, ambaye alikwenda licha ya hoja zangu zote. (Siku ya maziko, ili nisikae bure, nilikwenda Sapiwi kumtembelea mchumba wangu Elina, na pikipiki ilipita mbele ya boma la marehemu kwa kuwa njia nyingine hakuna.)

Sasa masharti yamelegezwa, shule zimefunguliwa, mnada umefurika, watu wanashikana mikono na kuitikisa kana kwamba wanalipiza miezi yote ile, na mama yangu anasalimiwa kwa mikono miwili, lakini mimi nikifika mashine ya kusaga foleni inarudi nyuma, na nikinyoosha mkono napewa kiwiko. Juzi mchana niliwakuta wanaume wamekaa kwa Mzee Salu, anayesimamia shughuli za misiba hapa kitongojini.

"Mwadila, msomi," akanisalimia. "Simama hapo hapo, tusije tukakuambukiza."

Nikamfafanulia kwamba masharti yameshalegezwa.

"Yamelegezwa na serikali. Sisi bado hatujakaa kikao."

"Mleteeni ndoo anawe!" mwingine akadakia, wakacheka wote, mpaka mzee mmoja asiye na meno.

Ningeweza kuyapuuza haya kama kejeli za watu wasiosoma, lakini baba yangu alikwishafariki, na Jumamosi ya tatu kuanzia leo natakiwa kupeleka wazee Sapiwi kuzungumza ng'ombe wa mahari. Nimewafuata wazee watano, na kila mmoja, bila shaka kwa kupangana, amejibu kwamba hawezi kufika ila ataandika barua ya kurasa mbili. Baba yake Elina, Mzee Joakim, ametuma neno kwamba kwake binti haozwi kwa mtu asiye na watu. Elina naye nilipomweleza historia ya unyanyapaa alinikatiza: "Dastan, usinijibu kwa kitabu. Niletee wazee."

Je, niwashtaki kwa mtendaji wa kijiji, au niwaandikie waraka wa kuwaelimisha upya?

Dastan, mwenye hoja, Nkololo.

JIBU

Dastan, waraka usiandike. Kalamu yako imeshafanya kazi ya kutosha.

Nianze na haki yako. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na ndoo langoni lilikuwa jambo jema. Hilo nakupa, lishike vizuri, maana sina jingine la kukupa.

Mzee wa watu hakukulazimisha mkono wake. Alikunyooshea fimbo, yaani alitafuta njia ya kukusalimia ndani ya kanuni zako, nawe ukamwacha nayo hewani. Na alipofariki, ungeweza kumzika bila kumsogelea mtu. Mpasua kuni anakaa mbali na wenzake, asije akamkata mtu. Mchota maji anatembea peke yake. Wewe ulichagua kurasa mbili.

Kisha jambo kubwa kuliko yote umelitia kwenye mabano, kana kwamba sisi mabano hatuyasomi. Virusi vilivyokutisha msibani, Sapiwi havikuwapo? Ulikaa hatua ngapi kutoka kwa Elina? Usinijibu, tafadhali. Watu wenye majembe mikononi walikuona ukipita juu ya pikipiki, nywele zimechanwa. Hiyo ndiyo barua waliyoisoma. Ile nyingine sidhani hata kama ilifunguliwa.

Umesema baba yako alikwishafariki, lakini hukusema nani alichimba kaburi lake. Mimi siishi Nkololo, ila muulize mama yako kama Limbu hakuwapo. Pole, kijana wangu. Jibu lake litakuuma, na ni vizuri likuume.

Mtendaji mwache na kazi zake. Pamba imepasuka mashambani, na pamba aliyoipanda marehemu Limbu inachumwa na mjane wake. Kesho asubuhi nenda kwake. Sema, "Mama, nilikosa," halafu nyamaza, najua itakuwa kazi ngumu kuliko kuchuma. Ingia shambani uchume mpaka shamba liishe, siyo mpaka Mzee Salu apite akuone. Mzee Joakim mfuate mwenyewe, umwombe siku isogezwe na umwambie sababu kwa kinywa chako. Wale wazee watano usiwafuate tena. Wakienda Sapiwi, watakuwa wametumwa na mjane. Akikataa kuwatuma, mkwe bado hujampata, lakini angalau utakuwa umemzika jirani yako, kwa kuchelewa.

Na ile ndoo, bandua tangazo, uisugue, uijaze maji ya kunywa na uibebe kichwani mpaka shambani kwa wachumaji. Wa kwanza atakayekuja kunywa, usimhesabie hatua.