Wimbo wa Arusi Usio na Bibi Arusi

Jumapili. Ukungu umeufunika mlima tangu asubuhi, nami kichwa kimejaa nyimbo za watu nisiowajua.

Wiki nzima nimekuwa nikipanga santuri mpya dukani kwa Mzee Abdalla, hapa Meru mjini. Kuna za Misri, za Bara Hindi, za Kongo, hata za Ugiriki. Kila moja lazima niisikilize kidogo kabla ya kuiweka rafuni. Mzee akinikemea, namjibu kuuliza si ujinga.

Ijumaa nikakuta moja iliyoandikwa "Wimbo wa arusi, Mlima Kenya". Nikaweka sindano. Kimeru kitupu! Wanawake wanaimba kwamba nusu ya suruali ya mgeni imeliwa na panya, na mashine yake ni mzinga usio na asali. Mwishoni mmoja wao anashindwa kujizuia, anaangua kicheko.

Ni mama.

Tangu baba apelekwe kizuizini, nasi tuhamishiwe kijiji kilichozungushiwa mtaro, sijamsikia mama akicheka. Nimeirudia santuri ile mpaka Mzee akauliza kama nimerogwa.

Lakini Hali ya Hatari haina utani. Kila santuri ya Kimeru lazima nimwandikie D.O., yule ofisa wa serikali wa wilaya, maana yake; zamu ya hii ni kesho. Nikiandika kwamba inamcheka Mzungu, itavunjwa. Nikidanganya, halafu mkalimani wake aisikilize mwenyewe, kibali changu cha kukaa mjini kitachanwa. Naogopa, sifichi.

Basi leo nimeomba pasi ya kutoka mjini nikaenda kwa mama, kijijini Githongo. Kabla ya yote nilitaka kujua: hiyo arusi ilitoka wapi?

Alinieleza huku akimenya viazi vikuu.

"Yule Mzungu wa mashine alikuja na gari, kabla ya mambo haya. Akataka wimbo wa kumsindikiza bibi arusi. Sasa bibi arusi yuko wapi? Hakuna. Ule wimbo hauimbwi bure, Kendi. Tukamwimbia yeye."

Yule bwana alishukuru sana, akaandika "arusi", akaenda zake na mashine yake.

Nikamwuliza mama niandike nini. Akaweka kisu chini.

"Andika arusi. Siku baba yako akitoka, bibi arusi ni mimi."

Kisha akacheka. Kicheko kile kile cha kwenye santuri, mpaka askari wa lango la kijiji akageuka kututazama. Mimi ndiye niliyelia.

Nimerudi mjini kabla ya kafyu, nikiwawaza waimbaji wa zile santuri za Ugiriki. Nao waliombwa wimbo gani, wakaimba upi? Na yule mama anayeimba kwenye santuri ya Kongo, alikuwa akimsifu nani, au akimcheka nani?

Kesho naandika: wimbo wa arusi. Mkalimani akiniuliza bibi arusi ni nani, jina ninalo.