Kuhesabu Mara Moja

Jumanne, 4 Juni 1996

Nimehesabu vidonge vya presha vya mzee mmoja mara sita. Foleni ilifika mlangoni. Mara ya sita nikapata idadi ileile. Mzee akaondoka. Nikamkimbilia barabarani nihesabu mara ya saba.

Saa kumi na moja nikafunga kemisti. Sikwenda nyumbani, nikashuka mtaa wa Kiandutu kwa miguu. Asubuhi nilimpa mama mmoja dawa ya maji ya kifua ya mtoto, na tangu saa sita wazo limenikaba: nilimpa ya watu wazima. Nikamuulizia mlango kwa mlango mpaka nikapata chumba chake. Mtoto anacheza na kifuniko cha sufuria. Chupa ni sawa. Nikapumua.

Nafuu ilinifikisha lami tu. Hapo nikajiuliza: ndiye mtoto yuleyule?

Alhamisi, 6 Juni

Nilirudi Kiandutu. Kosa.

Wanaume wanne walinizingira kwenye kichochoro. Mgeni anayeulizia watoto, mara ya pili wiki hii. Mmoja akanishika kola. "Unatafuta mtoto wa nani wewe? Sema!" Nikasema mimi ni wa kemisti. Hawakuamini. Nani amewahi kuona mtu wa kemisti akimfuata mteja mpaka kwake? Mwingine tayari alikuwa na jiwe mkononi.

Mama muuza sukuma wiki akanitambua. "Ngai! Huyo ni Idi wa madawa, ule wa mjini. Mwachilieni!"

Wakaniachilia. Sikukimbia.

Aibu kubwa ni hii: hata nikiwa nimeshikwa kola, nilikuwa nikiwaza ile chupa.

Ijumaa, 7 Juni

Mzee Njoroge, mwenye kemisti, amesikia. Hakupaza sauti. "Idi, miaka kumi na moja hujanikosea dawa. Lakini ukienda huko tena, hapa usirudi."

Nilisali Ijumaa. Sikumbuki hotuba.

Jumapili, 9 Juni

Nimemuuliza Halima kama anadhani mtoto ni mzima. Nikamuuliza tena. Alipokuwa akikanda unga nikamuuliza tena. Akajibu kila mara, mke wangu mvumilivu. Halafu akaacha unga, akaketi kwenye kigoda, akalia mikono ikiwa myeupe.

Mama yangu anasema ni waswasi, minong'ono ya shetani, nisome sura za Falaq na Nas. Nasoma. Nasoma mara tatu, kisha naogopa nimeruka aya, naanza upya.

Halima amesikia kwa jirani kuna sista huko Ruiru, kwenye kliniki ya kanisa, anatibu mambo ya namna hii. Nikasema sitaki. Akasema, "Baba Rama, mimi nimechoka." Basi.

Jumatano, 12 Juni

Ruiru. Mlangoni nilivua kofia, sijui kwa nini. Sista Wairimu akaniambia niivae.

Ni mfupi, sweta ya kijani, anaongea kama mwalimu wa hesabu. Alisomea ng'ambo tiba ya mazungumzo na mazoezi. Nilitarajia kuulizwa utoto wangu. Akachukua karatasi, akachora: wazo, hofu, kwenda kuangalia, nafuu, halafu wazo tena. Mshale ukarudi palepale. Nikaona miaka yangu mitatu ya hofu hii kwenye ule mduara.

"Bwana Idi, wewe si mwendawazimu. Akili yako imezoea kwamba hofu inaisha ukienda kuangalia. Tutaizoesha kwamba inaisha yenyewe."

"Na kama kweli nimeua mtu?"

"Inawezekana. Mimi nimetoa dawa miaka ishirini. Hata mimi inawezekana."

Nilikasirika. Nilikwenda nikitafuta mtu aseme haiwezekani.

Kazi ya nyumbani: hesabu mara moja. Soma karatasi ya daktari na chupa mara moja, kama mtoa dawa yeyote. Andika hofu ni ngapi kwa mia. Usirudi. Halima naye amekatazwa kunijibu.

Jumamosi, 15 Juni

Vidonge vya ugonjwa wa sukari, mama mmoja kutoka Ngoingwa. Nilihesabu mara moja. Hofu 85. Jasho. Baada ya nusu saa, 80. Sista mwongo.

Baada ya saa nzima, 55.

Jioni nilimuuliza Halima. "Sista alisema nisijibu." Nikauliza kwa njia nyingine. Akawasha redio. Niliwachukia wote wawili.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeanguka. Nilimwaga pipa la taka la kemisti, nikasoma kila boksi lililotupwa. Mzee Njoroge alinikuta nimepiga magoti. Akachukua ufagio, akafagia. Ni afadhali angenigombeza.

Jumatano, 26 Juni

Nilimwambia Sista habari za pipa. Nilidhani atanifukuza. Akauliza tu, nafuu ilidumu muda gani? Nikafikiri. Dakika kumi. "Na siku ile ya 55?" Mpaka jioni.

Hesabu hiyo hata mimi naielewa.

Tumeandika ngazi ya mazoezi, kutoka jepesi hadi gumu. Juu kabisa: dawa ya maji ya mtoto mchanga, siku ya watu wengi, kisha nyumbani moja kwa moja.

Jumatatu, 8 Julai

Baridi na ukungu tangu alfajiri. Watu wote wanakohoa. Ameingia msichana Nyambura, mtoto wa miezi sita mgongoni, kutoka Kiandutu. Karatasi ya daktari iko wazi. Nikasoma mara moja. Nikapima mara moja. Nikamwonyesha kijiko, akanirudishia maelezo vizuri. Nikamwambia aje Alhamisi nimwone mtoto.

Hofu 95. Nikaenda nyumbani. Sikula.

Alhamisi, 11 Julai

Nyambura hajaja.

Ijumaa, 12 Julai

Hajaja.

Saa nane mteja mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, mbele yangu, kwamba kuna matanga Kiandutu. Kitoto. Wa nani? Hajui. Alisikia tu.

100. Masikio yakaziba. Nikampa mtu chenji, sijui kama ni sawa.

Nikamuuliza Mzee Njoroge: wewe ungefanya nini? Akaangalia ile karatasi ya daktari na daftari la dawa. "Umetoa kilichoandikwa. Watoto wanaugua baridi hii, Idi. Mimi kesho ningefungua duka."

Saa kumi na moja nilifunga. Miguu ikashika njia ya Kiandutu yenyewe. Nilifika pale barabara inapogawanyika, nikasimama kando ya muuza mahindi ya kuchoma. Kushoto, Kiandutu. Nikatoa karatasi ya Sista, nikaandika nikiwa wima. Wazo: nimemuua mtoto wa Nyambura. Ushahidi: hakuja, kuna matanga. Ushahidi wa upande wa pili: nilisoma, nilipima, mama alirudia maneno sawasawa. Nini kingine kinawezekana: amepona, hana nafasi, amekwenda kwao. Au ni yeye, na si dawa.

Hilo la mwisho liliniumiza kuliko yote. Nikaliacha hapo.

100. 100. 90. Muuza mahindi akauliza kama nanunua au namlinda. Nikanunua. 75. Giza likaanza. 60.

Nikashika kulia, nyumbani.

Halima aliona uso wangu. Akanipakulia. Akakaa karibu nami mpaka nikamaliza sahani.

Jumatano, 17 Julai

Ruiru. Nikamsimulia Sista habari za matanga. Akauliza, "Umejua ni wa nani?"

"Sijajua."

"Unaweza kukaa hivyo?"

Nikamwambia nimekaa siku tano. Si vizuri, lakini nimekaa. Nimetoa dawa kila siku. Nilimwambia pia kwamba nimelia kwa ajili ya hicho kitoto, awe wa nani. Nikamuuliza kama huo nao ni ugonjwa. Akasema hapana, huo ni ubinadamu, huo usiutibu.

Jumatatu, 5 Agosti

Siku mbaya. Nilihesabu mara tatu. Nikaandika, nikaendelea. Mteja wa pili, mara moja.

Jumapili, 25 Agosti

Jua limetoka kidogo. Nimefua mashati yangu mwenyewe, Halima akaanika. Rama amepata namba ya nne darasani, anajidai.

Wakati wa chakula Halima aliuliza jana kazini nani alikuja. Nikafikiri. Nikajaribu uso mmoja, nikajaribu mwingine. Sikumkumbuka hata mmoja, mimi niliyekuwa nikilala na nyuso zao.

"Watu wengi tu," nikasema.

Akaniongezea mchuzi.