Yamini Nisiyotakiwa Kuila

Makangale, Pemba

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Amani ya Bwana iwafikie wewe na Mama, iwaenee na wanajumuiya wote watakaoketi sebuleni kwetu kukusikiliza ukiisoma barua hii, kama ulivyozoea kuwasomea tangu enzi zako za ukatekista. Je, mguu wa Mama umepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Kuhusu roho, mtaamua wenyewe. Ombi langu ni moja: usiruke aya yoyote kwa kunionea haya.

Mnajua kwamba mimi ni nesi katika kituo kidogo cha afya, na kwamba kituoni hapa Mkristo ni mimi peke yangu. Jumamosi moja mwezi uliopita nilipania kwenda Misa. Ilinipasa kushuka Chake Chake mapema, nilale kwa familia ya mwalimu mmoja pale Tibirinzi, ili asubuhi niwahi kanisani. Soketi ya nyumbani kwangu ilikuwa imeungua, nikalichukua gauni langu kwenda kulipigia pasi kituoni. Chumba cha chanjo kina soketi moja tu. Nikachomoa friji, nikapiga pasi, nikasikia honi ya gari barabarani, nikakimbia. Plagi ya friji sikuirudisha.

Jumapili ile nilisali vizuri sana, Baba. Ndilo linaloniuma.

Jumatatu akina mama walijaa barazani wakiwa wamepakata watoto. Kipimajoto kilionyesha kwamba chanjo zote zimeharibika. Plagi ilikuwa sakafuni, na aliyedeki chumba kile Jumamosi jioni ni Bi Mize, mhudumu wetu, mjane anayelea wajukuu kwa kazi hiyo hiyo. Daktari dhamana, mkuu wa kituo, akamgeukia.

"Bi Mize, umechomoa friji ukideki?"

"Mie? N'chomoe friji, n'na wazimu? Mie nadeki chini, sideki ukuta!"

Akina mama wakacheka, kisha wakaondoka na watoto wao bila chanjo. Mimi nilikuwa nimeshika daftari la kliniki. Nikaandika tarehe ya wao kurudi.

Kila adhana ya Adhuhuri inapolia, wenzangu huenda kuswali, nami huketi stoo kufanya ile tafakari tuliyofundishwa na padre Mjesuiti kwenye mafungo: kumshukuru Mungu, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kutubu, na kuazimia. Jumatatu nilizipitia saa zote isipokuwa moja. Jumanne nilijiambia kwamba nikisema ukweli, watu watasema ndivyo walivyo Wakristo wa bara. Basi kimya changu kinalinda heshima ya Kanisa. Tazameni, wanajumuiya, jinsi wazo ovu linavyoweza kuvaa joho la ibada! Siku iliyofuata nikakumbuka onyo la padre yule, kwamba mshawishi, yaani Shetani, hutaka siri kuliko kitu kingine chochote, na kwamba nguvu zake hukatika pale mtu anapoitoa siri hiyo kwa sauti mbele ya mwenzake. Nililikumbuka neno hilo vizuri kabisa, na bado sikusema.

Alhamisi akaja sheha, kiongozi wa eneo letu, kwa kuitwa na Bi Mize mwenyewe.

"N'leteeni Msahafu," alisema Bi Mize. "N'taapa mbele ya kila mtu. Na kila mwenye ufunguo wa chumba kile aape!"

Wenye ufunguo tulikuwa wanne. Watatu wakaenda kutia udhu. Niliponyanyuka kuwafuata, sheha akanizuia kwa upole.

"Weye kaa, Nesi Yustina. Dini yako mbali. Haya hayakuhusu."

Baba, mlango wa kutokea ulifunguliwa mbele yangu, na ufunguo wake ulikuwa imani yangu yenyewe. Ningekaa tu, mambo yangekwisha. Lakini Bi Mize alirudi, maji ya udhu yakimchuruzika viwikoni, akiuliza mara ya tatu kama udhu wake umetimia. Mtu asiye na hatia aliogopa yamini kiasi kile! Mwenye hatia alikuwa kitini, rozari mfukoni.

Nikasimama. "Msiape. Friji niliichomoa mimi. Nilikuwa napiga pasi gauni la kwendea kanisani."

Sheha akaufunga tena Msahafu katika kitambaa chake. Bi Mize akajifuta viwiko kwa ncha ya kanga.

"Siku nne, mwanangu?"

"Ndiyo, Bi Mize."

"Na hilo gauni, lilinyooka?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Taarifa imepelekwa wilayani, na sijui kama kazi itabaki. Chanjo nyingine zimeletwa na watoto wameitwa upya, ingawa baadhi ya mama huuliza kwanza ni nani anayechoma sindano. Bi Mize amesafishwa jina, lakini salamu yangu huijibu kwa kichwa tu. Nimeandika ombi la uhamisho mara mbili, mara mbili nimelichana, kwa sababu tulifundishwa kwamba roho ikiwa gizani si wakati wa kubadili njia.

Nisalimie Mama, kaka Deo, mwalimu wa kwaya, na shangazi Perpetua, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye najua atataka kusali novena ya siku tisa kwa ajili yangu. Mwambie asiombe nisamehewe upesi. Bi Mize ana haki ya siku zake nne, na zaidi. Aombe nisikimbie, ili siku Bi Mize atakapokuwa tayari kunitolea yote aliyoyaweka moyoni, anikute.

Ni mimi binti yako,
Yustina