Giza la Nzabonimpa

Latif, weka cherehani pembeni usome hii. Nzabonimpa ameumbuka mbele ya wakwe zake!

Unajua kwetu mgeni hafukuzwi. Na unajua dawa ya Nzabonimpa kwa wageni: yeye hujipenyeza hadi kwenye mita, akazima swichi kubwa, akarudi akisikitika kwamba umeme umekatika. Wageni huaga wenyewe.

Sasa leo alinunua balbu mpya ya sebuleni. Muuzaji alipotaka kumweleza, akamkatiza: "Mi najua balbu. Nipe ile ya bei kubwa."

Jioni, nami nikiwa nao sebuleni, wakwe wakaomba chai ya tatu. Uvumilivu ukamwisha, akanyanyuka. Tukasikia "tak!" Redio ikanyamaza.

Akarudi na uso wa msiba, akawaambia kama wakwe wanavyoitana: "Bon, bamwana, umeme imekatika. Tutafanya nini na hii giza?"

Giza, Latif! Alisema giza! Na balbu inamulika kipara chake! Kumbe ni ile yenye betri ndani, umeme ukikatika yenyewe inaendelea kuwaka.

Mkwe wake, mzee Kayitare, akaitazama balbu, akamtazama yeye, kisha akanyoosha miguu.

"Usihangaike, bamwana. Chai tutaiona hata kwa hii giza yako."

Nami nikasogeza kikombe changu.